Barua zinatoka ila haziingii tangu niguse master.cf (Postfix, Debian 12). Naombeni msaada wakuu

#1 Fundi Kibatari

Heshima kwenu wakuu.

Nahudumia seva ya barua pepe ya shule moja ya sekondari ya bweni. Ni Debian 12, Postfix (inayopokea na kupeleka barua) na Dovecot (inayowafungulia watu visanduku vyao), kwenye mashine ya kukodi. Imekwenda miezi minane bila kunisumbua. Walimu wanasoma na kutuma kwa kivinjari, na kile kisanduku cha kivinjari kinatuma kwa programu ya `sendmail` iliyomo humo humo kwenye seva.

Juzi jioni mkuu wa shule aliniomba simu yake iweze kutuma barua yenyewe, bila kufungua kivinjari. Nikaingia `/etc/postfix/master.cf` kuwasha poti 587, mlango ambao simu za watumiaji hupitishia barua wanazotuma. Nikatoa alama za `#` kwenye ile mistari inayoanza na `-o`, nikahifadhi, nikapakia upya, nikalala. Asubuhi mhasibu ananipigia: wazazi wanalalamika stakabadhi za ada wanazotuma zinawarudia. Huu ni Januari, shule imefungua wiki hii, na mtoto ambaye stakabadhi yake haijaonekana anasimamishwa getini na sanduku lake la nguo. Naandika haya nikiwa na simu nne ambazo sijajibu.

Hali ilivyo: nikituma kutoka kwenye seva kwenda Gmail, inafika. Kutoka Gmail kuja kwetu inarudi na 554, Access denied. Simu ya mkuu wa shule kwenye 587 haiunganishi kabisa, inasema imekataliwa.

Nimeshazima na kuwasha mashine, nimekagua MX ya domeni (rekodi inayoonyesha barua zetu ziletwe seva gani), iko sawa, nimefungua 587 kwenye faiawoli. Nikatafuta `/var/log/mail.log` nisome makosa, hilo faili halipo. Hapo ndipo nilipoishiwa.

#2 Kasi_Kasi

Mkuu usijitese. Fungua main.cf, lile faili kuu la mipangilio ya Postfix, weka `mynetworks = 0.0.0.0/0`, pakia upya, kila kitu kitapita. Mimi nilifanya hivyo ofisini ikakubali saa hiyo hiyo.

#3 Bi Terminali

Fundi, nakuomba usifanye hivyo. Kasi_Kasi, nakuomba na wewe uende ukaitoe hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma uzi huu.

`mynetworks` ndiyo orodha ya watu ambao Postfix inawaamini bila kuwauliza nywila. Wanaruhusiwa kutuma barua kwenda popote duniani kupitia seva yako. Ukiandika 0.0.0.0/0 umesema kila anwani ya intaneti ni ya nyumbani. Kuna roboti zinazopita usiku na mchana zikigonga poti 25 za watu kutafuta mlango wa namna hiyo. Wakiupata, spamu itatoka kwa jina lako mpaka IP yako iingie kwenye orodha nyeusi, na kutoka humo ni kubembeleza mmoja mmoja. Nimewahi kusafisha foleni ya seva ya aina hiyo. `mailq`, amri ya kuorodhesha foleni, ilichukua dakika kumaliza kuchapisha.

Fundi, sasa wewe. Tulia kwanza. Debian 12 haiji na rsyslog, programu inayoandika logi kwenye faili, ndiyo maana huoni mail.log. Logi zako zipo, ziko kwenye journal. Tuletee vitu vitatu tu:

`journalctl -u postfix@- --since "2 days ago"` (ile sehemu ya barua ya Gmail iliyokataliwa)
`postconf -n`
`postconf -P`

Usitubandikie faili zima la master.cf. Faili ni kile ulichokusudia. Mimi nataka kuona Postfix yenyewe imeelewa nini. Na ficha anwani za wazazi.

#4 Nyuki wa Tabora

Nakaa hapa. Na mimi nina yangu ya 587, nitauliza baadaye nisimkate mwenye uzi.

#5 Fundi Kibatari

Asante sana dada. Nimezipata kweli, nilikuwa nahangaika bure na /var/log.

Logi:

`postfix/submission/smtpd[2214]: NOQUEUE: reject: RCPT from mail-xx.google.com[...]: 554 5.7.1 <mail-xx.google.com[...]>: Client host rejected: Access denied; from=<mzazi@...> to=<ada@shuleyetu.example> proto=ESMTP`

Iko mingi ya namna hiyo. `postconf -n` sijaona cha ajabu, `mynetworks` ni 127.0.0.0/8 na mydestination ina domeni yetu. `postconf -P` imetoa hivi:

`smtp/inet/smtpd_client_restrictions = permit_sasl_authenticated,reject`
`smtp/inet/smtpd_sasl_auth_enable = yes`
`smtp/inet/smtpd_tls_security_level = encrypt`
`smtp/inet/syslog_name = postfix/submission`

#6 Bi Terminali

Basi tumempata.

Angalia tena mwanzo wa ule mstari wa logi. Gmail inakuletea barua kwenye poti 25, kwa sababu seva kwa seva huzungumza kwenye 25. Lakini logi inasema `postfix/submission/smtpd`. Jina hilo ni la 587. Kwa nini mgeni wa poti 25 aandikwe kwa jina la 587? Halafu shuka kwenye `postconf -P`: mistari yote minne inaanza na `smtp/inet`. Huyo smtp/inet ndiye poti 25. Hakuna hata mstari mmoja wa `submission/inet`.

Nakisia faili lako liko hivi:

```
smtp      inet  n  -  y  -  -  smtpd
#smtp      inet  n  -  y  -  1  postscreen
#smtpd     pass  -  -  y  -  -  smtpd
#submission inet n  -  y  -  -  smtpd
  -o syslog_name=postfix/submission
  -o smtpd_tls_security_level=encrypt
  -o smtpd_sasl_auth_enable=yes
  -o smtpd_client_restrictions=permit_sasl_authenticated,reject
```

Umetoa `#` kwenye mistari ya `-o`, ukaiacha kwenye mstari wa submission wenyewe. Nithibitishie.

#7 Fundi Kibatari

Ni hivyo hivyo dada, herufi kwa herufi. Nilidhani ule mstari wa `#submission` ni kichwa cha maelezo, kama vile maelezo mengine yaliyoko juu ya faili. Lakini mbona mistari ya -o iko chini yake, mbali na ule wa smtp? Kuna mistari mitatu ya maelezo katikati.

#8 Bi Terminali

Swali zuri, na hapa ndipo wengi wanaanguka.

Kwenye faili za Postfix, mstari unaoanza na nafasi ni mwendelezo wa mstari wa juu yake. Mstari wa maelezo, wenye `#`, hauhesabiwi, na mstari mtupu hauhesabiwi. Havikati mwendelezo. Kwa hiyo Postfix ilipofika kwenye `-o` yako ya kwanza ilirudi juu kumtafuta mwenyewe. Ikaruka `#submission`, ikaruka `#smtpd`, ikaruka `#smtp` ya postscreen, ikamkuta `smtp inet` ambaye ndiye wa mwisho aliye hai. Ikamvika yote manne.

Sasa sheria ya mwisho pale inasema: aliyeingia kwa nywila apite, wengine wote wakataliwe. Kwa 587 ni sheria safi kabisa, maana huko wanaingia watu wako tu. Ukiiweka kwenye 25 umeifungia dunia nzima mlango, kwa sababu seva ya Google haina nywila ya shule yenu na haitakiwi kuwa nayo. Ndiyo maana hata ushauri wa `mynetworks` usingesaidia kitu. Hakuna `permit_mynetworks` kwenye sheria hiyo. Ungebaki na barua zisizoingia, na siku ungeirekebisha sheria hiyo ungebaki na mlango uliovunjwa.

Na simu ya mkuu wa shule ilikataliwa kwa sababu huduma ya 587 haikuwahi kuwaka. Hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Kwa nini barua zako za kutoka zilikuwa zinafika? Master.cf ni orodha ya wafanyakazi. Wietse Venema alipoitoa Postfix mwaka 1998 akiwa IBM, aliigawa makusudi kuwa programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, isiwe programu moja kubwa yenye mamlaka yote. Mwenye `smtpd`, yenye d mwishoni, anapokea kutoka kwenye mtandao. Mwenye `smtp`, isiyo na d, anapeleka nje. `pickup` anaokota barua zilizoandikwa ndani ya seva. Ukituma kwa `sendmail` au amri ya `mail`, barua inaokotwa na pickup na haipiti kwa smtpd hata kidogo. Kwa hiyo ukijaribu kutokea ndani ya seva utaridhika kwamba mambo ni mazuri huku mlango wa mbele umefungwa. Jaribio la kweli la kupokea ni barua inayotoka nje.

Rekebisha hivi. Toa `#` kwenye mstari wa submission tu. Ule mstari uanze herufi ya kwanza ukingoni kabisa, na hizi za -o zibaki na nafasi zake mbili mbele. Kisha:

`postfix check`
`postfix reload`
`postconf -P`
`ss -tlnp | grep 587`

Usiende kwa mkuu wa shule kabla `postconf -P` haijasema `submission/inet`.

#9 Mpwani01

Salaam kutoka Mombasa. Bi Terminali amemaliza, naongeza moja tu kwa sababu iliniuma mwenyewe. Kwenye main.cf tumezoea kuandika `myhostname = mail.kitu`, na nafasi pande zote za alama ya sawa. Kwenye `-o` za master.cf usiweke nafasi. Andika `-o smtpd_sasl_auth_enable=yes`, imeshikana. Ukiweka nafasi, Postfix inaona vipande vitatu, na smtpd inakufa kila inapoamka. Ukitazama kwa nje poti imefunguka vizuri, lakini ukiunganisha inakukatia bila neno. Nilikaa nusu siku nikilaumu cheti cha TLS.

#10 Fundi Kibatari

Wakuu, imekubali!

`submission/inet/syslog_name = postfix/submission` na wenzake watatu, na smtp/inet haina kitu tena. Nimetuma kutoka Gmail yangu nikiwa nimeshika simu mkononi, imeingia kabla sijafika kwenye dirisha. Mkuu wa shule naye ametuma kutoka kwenye simu yake, na logi inaonyesha `sasl_username` yake vizuri.

Dada Bi Terminali, Mungu akubariki. Sasa swali langu linaloniumiza: zile barua za wazazi za siku mbili ziko wapi? `mailq` inasema foleni iko tupu.

#11 Bi Terminali

Hongera. Hapa sina habari njema kamili.

Hazimo kwenye foleni kwa sababu hazikuwahi kuingia. Neno `NOQUEUE` kwenye logi ndiyo maana yake: ilikataliwa mlangoni kabla haijapewa namba. Na ulizikataa kwa 554. Kwenye SMTP, lugha ambayo seva za barua huzungumza, namba inayoanza na 4 inamwambia mtumaji "sasa hivi haiwezekani, jaribu tena", na inayoanza na 5 inamwambia "haiwezekani, usirudi". Ungekuwa na hitilafu ya umeme au intaneti, seva ya Google ingeendelea kujaribu. RFC 5321 ya mwaka 2008, waraka wa kanuni za SMTP, inataka mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5, na Postfix yenyewe hungoja siku 5 usipobadilisha. Seva iliyozimika siku mbili haipotezi barua. Seva iliyo hai na inayokataa kwa 5 inazirudisha zote papo hapo.

Ndiyo maana mimi, kabla sijagusa chochote kwenye seva ya watu, naandika kwanza:

`postconf -e soft_bounce=yes`
`postfix reload`

Hapo kila 5 inageuzwa kuwa 4. Nikikosea, 554 inatoka kama 454, mtumaji anashika barua yake anangoja. Nikishajaribu kuingia na kutoka, naitoa. Usiisahau humo, kwa sababu inagusa na barua za kwenda nje: anwani isiyokuwepo itabaki kwenye foleni ikijaribiwa tena na tena badala ya mtumaji kuambiwa. Na haiokoi kila kosa. Ukikosea njia ya barua, ikaenda kwa asiyehusika, imekwenda.

Lakini kuna kitu ulichobakiwa nacho. Tazama mwisho wa ule mstari wa logi uliotuletea: `from=<...> to=<...>`. Sheria yako ilikuwa ya kumkataa mteja, na ingeweza kumkataa mara tu anapounganisha, kabla hajasema anatoka kwa nani. Postfix ina `smtpd_delay_reject`, ambayo huwa `yes` bila wewe kuiandika, inayongoja mpaka mgeni ataje mtumaji na mpokeaji ndipo imkatae. Kwa hiyo barua zimekwenda ila majina ya waliozituma unayo.

`journalctl -u postfix@- --since "3 days ago" | grep 'NOQUEUE: reject' | grep 'to=<ada@' | grep -o 'from=<[^>]*>' | sort | uniq -c`

Pitia kwa macho. Spamu nayo iligonga siku hizo hizo, usiwaandikie wale.

#12 Nyuki wa Tabora

Naomba sasa niulize yangu. 587 yangu imewaka, `postconf -P` iko sawa kama ya Fundi, lakini simu ikijaribu inakatwa. Journal inasema `warning: SASL: Connect to private/auth failed: No such file or directory`. Nimelitafuta hilo faili la /private/auth kwenye mashine nzima silioni.

#13 Mpwani01

Mkuu, si `/private/auth`. Ni `/var/spool/postfix/private/auth`. Kwenye Debian, ile safu yenye `y` katikati ya mstari wa master.cf ina maana programu hiyo imefungiwa ndani ya /var/spool/postfix, na kwake hapo ndipo mzizi wa mashine ulipo. Na si faili la kawaida, ni soketi, kituo cha programu mbili kuzungumza, ambayo Dovecot ndiyo inayoiweka. Fungua `/etc/dovecot/conf.d/10-master.conf`, tafuta `service auth`, utaona sehemu hii imewekewa `#`. Iwe hivi:

```
  unix_listener /var/spool/postfix/private/auth {
    mode = 0660
    user = postfix
    group = postfix
  }
```

Washa upya Dovecot, kisha `ls -l` kwenye hiyo folda uione. Ikikuandikia Permission denied badala ya No such file, rudi kwenye user na group. Usiikimbilie 0666 kwa kuwa umeona mtu kaiandika mahali.

#14 Nyuki wa Tabora

Imekaa. Sehemu hiyo yote nilikuwa sijaitoa `#`. Asante kaka.

Na mimi nichangie, ya juzi. Niliandika kwenye main.cf `message_size_limit = 20480000 # MB 20` ili aje mwenzangu aelewe. Postfix haina maelezo ya mwisho wa mstari. `#` ikiwa katikati inakuwa sehemu ya thamani. Ikagoma na `bad numerical configuration`. Sasa naandika maelezo mstari wa juu, peke yake.

#15 Kasi_Kasi

Nimeitoa 0.0.0.0/0. Nimeangalia `mailq`, kulikuwa na barua zaidi ya elfu kumi za watu nisiowajua. Bi Terminali naomba unielekeze kusafisha, nina aibu ila bora kuuliza.

#16 Bi Terminali

Hakuna aibu, umefanya la maana. Anza kwa `postsuper -h ALL`, zisitoke tena hata moja wakati unatazama. Halafu usizifute zote kwa mkupuo, humo ndani kuna za ofisi yako. Chukua namba za kama tano, `postcat -vq NAMBA`, uone zinatoka kwa nani. Mara nyingi mtumaji ni mmoja au wawili. Futa za huyo kwa `postsuper -d`, zilizobaki za kweli zifungulie kwa `postsuper -H ALL`. Fungua uzi wako tukusaidie na orodha nyeusi, huu tumwachie Fundi.

#17 Fundi Kibatari

Nimerudi wakuu. Ile amri ilitoa anwani 31 zilizogonga ada@. Nane ni spamu dhahiri. Zilizobaki 23 nimekaa na mhasibu ofisini kwake, yeye anazitambua kwa majina, tumewaandikia mmoja mmoja kwamba kosa lilikuwa kwenye seva yetu na tunaomba watume tena. Wawili hawakujibu, mhasibu akawapigia simu.

Mpaka saa kumi jioni hii zimeingia 20. Moja iligoma tena, `552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit`. Mzazi alipiga picha stakabadhi, megabaiti tisa. Nikakumbuka barua hukuza kiambatisho kwa zaidi ya theluthi kinapogeuzwa kuwa maandishi, na kikomo cha Postfix ni baiti 10240000. Nimekipandisha kufika 20480000, `mailbox_size_limit` ni kubwa kuliko hicho kwa hiyo haijalalamika. Hii mara nilitanguliza `soft_bounce=yes`, nikajaribu kutoka nje, nikaitoa.

Mzazi wa ile picha ametuma tena sasa hivi. Imeingia. Mtoto wake alikuwa kwa dada wa bweni tangu jana, anaingia darasani kesho asubuhi. Bado wawili, mhasibu anaendelea kupiga.